Saraka ya Skripti: Tarehe ya Desturi Iliyofika Awasi

Msafiri atokaye Kisumu kwa barabara ya Kericho, akisha kuliacha nyuma soko la Ahero na mashamba yake ya mpunga, hufika Awasi, mji mdogo wa uwanda wa Kano, ambako katika maduka ya saiba wakulima, walimu na vijana waliomaliza shule hujaza fomu za leseni ya udereva, za cheti cha kuzaliwa na za ushuru. Na ni wachache miongoni mwao wanaojua kwamba, kila wabonyezapo kitufe cha kutuma, huwatumikia desturi iliyowekwa Marekani mwaka 1993, nayo ni kwamba kinachosomwa na kinachotenda kazi visikae mahali pamoja.

Hapo awali, tangu Tim Berners-Lee alipotunga seva ya kwanza ya tovuti huko CERN, Uswisi, kazi ya seva ilikuwa kupokea ombi, kulitafuta faili, na kulipeleka lilivyo. Haja ya zaidi ya hapo ikaja upesi, maana watu walitaka kuuliza na kujibiwa, si kusoma tu. Ndipo Rob McCool, kijana wa kituo cha NCSA katika Chuo Kikuu cha Illinois, pamoja na watungaji wengine wa seva, walipoafikiana kanuni iitwayo CGI, ambayo kwayo seva, ikipata ombi la namna maalumu, hailipeleki faili bali huliendesha kama programu, ikalipa maneno aliyoyaandika mgeni, kisha ikamrudishia majibu.

Mstari wa kuamrisha jambo hilo katika seva ya NCSA ulikuwa mfupi: neno ScriptAlias, kisha anwani aionayo mgeni, /cgi-bin/, kisha mahali penyewe ndani ya diski, /usr/local/etc/httpd/cgi-bin/. Ulibeba maana mbili kwa pamoja: kwamba anwani ile haielekei katika saraka ya nyaraka za umma bali kwingine kabisa, na kwamba kila kilichomo humo ni cha kuendeshwa wala si cha kusomwa. Faida ya maana ya kwanza haionekani siku ya heri. Huonekana siku msimamizi anapokosea mpangilio, kwani skripti, yaani programu ya namna hiyo, iliyolala miongoni mwa nyaraka, seva isipoitambua kuwa ni programu, humfikia mgeni kama maandishi matupu, pamoja na neno la siri la hifadhidata lililoandikwa ndani yake. Ilhali ile iliyowekwa nje haina njia ya kumfikia hata kosa hilo likitokea. Faida ya pili ni mamlaka: programu iendeshwayo na seva hutenda kwa idhini ya seva yenyewe, na kwa hiyo, katika mtambo unaotumiwa na wengi, ni lazima mwenye seva peke yake ndiye aamue ipi iingie. Ndivyo ilivyo hata sokoni Awasi: mteja wa mashine ya kusaga hukabidhi debe lake la mahindi na kupokea unga, lakini penye mota na mkanda haingii ila msagaji.

Hata hivyo saraka ya peke yake haifai kitu ikiwa kilichomo ni kibovu, na hilo ulimwengu ulifundishwa na skripti iitwayo phf. Ilikuwa fomu ya kutafutia majina katika kitabu cha simu, nayo iligawiwa kama mfano pamoja na seva ya NCSA, na vilevile pamoja na Apache, seva iliyozaliwa mwaka 1995 kwa kutengeneza upya kazi ya McCool baada ya yeye kuondoka kituoni. Skripti hiyo ilikuwa ikiyasafisha maneno ya mgeni kabla ya kuyapitisha kwa mfumo, ikiziondolea hatari alama zote zenye madhara ila moja: ile ya kuanza mstari mpya. Aliyeiandika alama hiyo ndani ya anwani, kwa herufi tatu tu, %0a, aliweza kuongeza amri yake mwenyewe na kusoma faili la orodha ya watumiaji. CERT, kituo cha usalama wa kompyuta, kilitoa onyo Machi 1996. Na mwezi Mei wa mwaka huo huo kikaonya tena, safari hii juu ya wasimamizi waliotia ndani ya cgi-bin mfasiri mzima wa lugha ya Perl, wakampa kila mgeni uwezo wa kuamuru alitakalo. Mimi simlaumu sana aliyesahau alama moja. Lawama nzito ni ya wale walioacha mfano wa kujifunzia ukae katika saraka yenye mamlaka, hali hawakuwa na haja nao.

Sisi wa pwani ya ziwa hatukuwa mbali na mambo haya kama inavyodhaniwa. Mwaka ule ule 1993 jina la .ke, linalomalizia anwani za tovuti za Kenya, liliandikishwa, na amana yake ikawa mikononi mwa Dkt. Shem Ochuodho, ambaye mwaka 1997 alichaguliwa mbunge wa Rangwe, kusini ya Ghuba ya Winam. Na kituo cha ARCC alichokiongoza kilikuwa miongoni mwa vilivyotangulia kuleta intaneti kamili Kenya mwaka 1995. Lakini njia ilikuwa ya setilaiti, nyembamba na ghali, na aghalabu skripti zilizowahudumia Wakenya zilikaa katika seva za ng'ambo, hata zilipotia nanga Mombasa nyaya za SEACOM na TEAMS mwaka 2009.

Huduma za serikali zikafuata kwa tovuti ya eCitizen mwaka 2014, na Septemba ya mwaka huo ikazuka Shellshock, kasoro ya ganda la Bash, programu ipokeayo amri, iliyoifanya itii amri zilizofichwa katika vigeu vya mazingira. Na kwa kuwa CGI huipitishia programu maelezo ya mgeni kupitia vigeu hivyo hivyo, zile cgi-bin kongwe zilizodhaniwa kuwa zimekwisha kazi ndizo zilizokuwa shabaha ya mwanzo.

Leo kijana wa Awasi akodiye nafasi ya tovuti hukuta saraka iitwayo public_html, na mara nyingi cgi-bin imo humo humo, jambo ambalo McCool hakulipanga hivyo. Mifumo mipya, kama Laravel ya mwaka 2011, imegeuza mpango: programu yote pamoja na siri zake hukaa nje, na ni saraka moja tu, public, inayofunuliwa kwa wageni, ikiwa na faili moja la kupokea maombi, na anayepakia mradi mzima ndani ya public_html kwa pupa hulifunua pia faili la .env, lenye maneno yote ya siri.