Kabla ya wembe wa Gillette kulikuwa na sukari

Wasee, kabla ulipie waksi ya moto ikubabue kwapa, skiza hii. Gillette walianza kuuzia wanawake wa Marekani wembe wao 1915, nguo zisizo na mikono zikiwa fasheni. Lakini Misri, mabinti walikuwa kitambo wanachemsha sukari, maji na ndimu mpaka igeuke rangi ya asali. Wanaiita halawa, jina ndugu ya halua ya Mombasa. (Utamu ni wa jina tu, inauma.) Inangojwa ipoe, inapakwa ikiwa vuguvugu, na mabaki yanatoka na maji tu. Ngozi yangu huvimba haraka, ndio maana naiamini kuliko waksi. Jaribu kidogo mkononi kwanza, ungoje kesho. Ngozi ikiwa na kidonda, wacha kabisa.