Mamba Aliyefanana na Paka

Mtu wa Kamina aliyefika Bukama, kwenye mto Lualaba, hana haja ya kufundishwa mamba ni nini. Miguu mifupi, mkia mzito, meno yaliyochongoka, na makao yake majini. Wengi husema: tangu mwanzo wa dunia mamba ni huyuhuyu. Lakini mawe yatoa ushuhuda mwingine.

Ushuhuda huo ulipatikana ng'ambo ya ziwa Tanganyika, katika bonde la Rukwa, kusini-magharibi ya Tanzania. Mwaka 2008 wataalamu waliona ndani ya mwamba mwekundu mifupa ya mnyama mdogo, ukubwa wake kama paka wa nyumbani. Kinywa kilikuwa kimefumba, na kukifungua kwa nguvu kungeyavunja meno. Kwa hiyo walikipiga picha za eksirei, wakayaona meno yote yalivyopangwa.

Wakastaajabu. Mamba wa leo ana meno ya kushika na kurarua tu; hatafuni, bali humeza mapande. Mnyama huyu alikuwa na meno makali mbele, na nyuma magego. Ya juu yalikutana sawasawa na ya chini, kama yetu sisi. Tena miguu yake ilikuwa mirefu na myembamba, na magamba ya mfupa yalikuwa yamepungua mwilini, yakabaki hasa mkiani. Ndiyo kusema alikimbia nchi kavu, pengine akiwinda wadudu na wanyama wadogo. Aliishi yapata miaka milioni 105 iliyopita.

Mwaka 2010 Patrick O'Connor na wenzake walilitangaza jina lake: Pakasuchus kapilimai. Paka ni neno letu la Kiswahili. Suchus latoka katika Kigiriki, maana yake mamba. Neno la pili ni heshima kwa marehemu Profesa Saidi Kapilima wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mmoja wa viongozi wa kazi hiyo ya Rukwa.

Je, huyu ni babu wa mamba wa Lualaba? Sivyo. Ni wa tawi jingine la ukoo, tawi lililokwisha kabisa. Ndugu zake wameonekana katika mawe ya Brazil, Argentina na Madagaska, maana zamani za kale nchi hizo ziliungana na Afrika. Yule wa Madagaska, Simosuchus, yaelekea alikula majani!

Basi, mti uliobaki na tawi moja haukuota na tawi moja. Mamba wa mtoni ni masalio ya ukoo mkubwa, wenye wakimbiaji, watafunaji na wala majani. Na habari hizo zingalipotea, kama mwamba ule ungalivunjwa kuwa kokoto za kujengea. Kwa hiyo ndugu, ukichimba na kuona umbo la mfupa au jino ndani ya jiwe, usilipige nyundo. Liache mahali pake, umwite mwalimu aje kulitazama.