Dawa za Homoni na Tamaa ya Wembamba

Mwaka 1891, katika mji wa Newcastle, Uingereza, tabibu George Murray alimdunga mwanamke mgonjwa maji yaliyotolewa katika tezi ya shingo ya kondoo. Tezi ya mwanamke huyo ilikuwa imedhoofika. Mwili ulimvimba, na fikira zake zilikuwa nzito. Dawa ile ilimrudishia siha, naye akaishi kwa kuitumia hata mwaka 1919.

Habari njema ilizaa tamaa. Kabla ya karne ya 19 kwisha, matabibu walianza kuwapa dawa hiyo watu wanene ambao tezi zao hazikuwa na ila. Uzito ulipungua kweli, lakini pamoja na mafuta ilipungua minofu, na moyo ulikwenda mbio hata ukahatarisha maisha. Murray alikuwa amerudisha kitu kilichopungua mwilini. Waliomfuata waliongeza kitu kilichokwisha kutosha.

Mwaka 1905 Ernest Starling wa London alivipa vitu vya namna hii jina la homoni. Homoni ni matarishi: husafiri katika damu na kupeleka amri kwa viungo vilivyo mbali. Tarishi mmoja aweza kuchukua amri nyingi. Amtumaye kwa haja moja hana budi kuyaangalia na mengine atendayo.

Mwaka 1954 Albert Simeons, tabibu Mwingereza aliyekaa Rome, alitangaza njia nyingine: sindano za homoni ipatikanayo katika mkojo wa wajawazito, pamoja na chakula cha kalori 500 kwa siku. Wengi walikonda, wakaisifu sindano. Baadaye wagonjwa waligawanywa mafungu mawili. Moja likadungwa homoni na la pili maji ya chumvi, bila wao kujua. Wakakonda sawasawa. Kazi ilifanywa na njaa, sifa ikapewa sindano.

Dawa za siku hizi zilipitishwa kwanza katika jaribio la namna hiyo. Katika miaka ya 1980 Svetlana Mojsov na Joel Habener huko Boston, na Jens Juul Holst huko Copenhagen, walichunguza homoni ya utumbo iitwayo GLP-1, ambayo huchelewesha chakula tumboni na kuuarifu ubongo kwamba shibe imefika. Nayo hudumu dakika chache tu katika damu. Kwa hiyo wataalamu wakaunda mfano wake udumuo siku nyingi, semaglutaidi. Jaribio lililotangazwa mwaka 2021 lilikuwa na watu 1,961. Baada ya wiki 68, waliopata dawa walipungua kwa wastani asilimia 14.9 ya uzito. Waliodungwa sindano isiyo na dawa, asilimia 2.4.

Hata hivyo kichefuchefu kiliwasumbua wengi, na walioacha dawa walirudiwa na thuluthi mbili za uzito katika muda wa mwaka mmoja. Basi unene ni maradhi ya kudumu, na dawa yake yataka jicho la tabibu mwaka hata mwaka. Ainunuaye kwa siri, apate wembamba wa msimu, huirudia njia ya wale waliofuata nyuma ya Murray.