Akiba Juu ya Kichwa

Matema hufika wasafiri wanaolala ndani ya magari yao. Kwa nje ni gari la kawaida. Ndani kuna kitanda, jiko na, juu ya madirisha, safu ya makabati ya mbao nyepesi. Fundi anayejua kazi yake hufunga makabati hayo kwenye mbavu za bodi, si kwenye bati tupu, maana bati jembamba halihimili mzigo gari likianza kuruka kwenye mashimo. Vitu vizito hukaa chini, nguo na unga hupanda juu. Sakafu ni ya watu, akiba inakaa juu ya vichwa vyao.

Katika kusoma historia ya nyumba za Kyela, nimekuta hesabu hiyohiyo. Nyumba ya Kinyakyusa ilijengwa kwa mianzi na udongo, ikaezekwa kwa nyasi. Joseph Thomson, aliyepita kaskazini mwa Ziwa Nyasa mwaka 1879, alizisifu kwa usafi na ufundi. Chini walilala watu, mara nyingi pamoja na ng'ombe. Juu ya meko palikuwa na dari ya mianzi. Moshi ulikausha mbegu na kufukuza fukusi. Nasi watu wa bondeni tunajua mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo inavyoweza kumwagika mashambani wakati wa masika. Kilicho juu hakiguswi na maji.

Lakini dari ilikuwa pia suala la nani ana kaya. Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti Unyakyusa kati ya 1934 na 1938, walieleza vijiji vya rika: wavulana wa miaka kama kumi walitoka kwa wazazi, wakajijengea vibanda pamoja. Walilala huko, ila waliendelea kula kwa mama zao. Kijana alipooa ndipo alipopata shamba lake, meko yake na mke wa kupika. Mimi naisoma hivi: kibanda cha mvulana kilikuwa cha kulala tu. Kilichokigeuza nyumba ni chakula cha kesho, na mshika funguo wa chakula hicho, kwa maana ya mamlaka, alikuwa mwanamke.

Baadaye wanaume walikwenda kwenye dhahabu ya Lupa, kule Chunya. Mshahara, na baadaye mpunga na kakao, vilileta matofali na bati. Moshi ukawa uchafu.

Mwaka huu familia yetu inamjengea bibi nyumba mpya. Wajomba wanataka dari ya jipsamu nyumba nzima, na mbegu ziwekwe kwenye magunia stoo. Bibi amekataa. Wanadhani ni ushamba. Mimi naona anatetea kitu kingine: gunia la stoo mtu yeyote huweza kulibeba kwenda sokoni siku ada inapodaiwa, lakini mbegu iliyo juu ya meko haishuki bila yeye kuona.

Tumekubaliana jiko lijengwe kando, lenye nguzo nne na dari ya mianzi. Ngazi atakaa nayo yeye.