Jina Ukutani, Mhuri Tofalini: Suala la Utunzi katika Hekalu la Pantheon

Wahakiki wa fasihi tumezoea kulichukua jina lililo juu ya jalada kuwa ushahidi wa utunzi. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba jina la aina hiyo ni sehemu ya matini yenyewe, na kwa hivyo linahitaji kufasiriwa kama sehemu nyingine yoyote. Mfano tutakaouchunguza unatokana na usanifu wa majengo wa Warumi wa kale, nao ni hekalu la Pantheon mjini Roma.

Juu ya nguzo za baraza ya hekalu hili pamechongwa maneno ya Kilatini yanayosema kwamba lilijengwa na Marcus Agrippa, mwana wa Lucius, alipokuwa konsuli kwa mara ya tatu. Agrippa, rafiki na jemadari wa Kaisari Augustus, alishika wadhifa huo mwaka 27 K.K. Lakini hekalu alilolijenga liliteketea katika moto wa mwaka 80 B.K.; lilipokwisha kukarabatiwa, liliungua tena mwaka 110, enzi za Trajan, baada ya kupigwa na radi. Jengo tunaloliona leo, lenye kuba ambalo kipenyo chake ni takriban mita 43, lilikamilishwa enzi za Hadrian, aliyetawala kuanzia mwaka 117 hadi 138.

Wasomaji wa kale, hata hivyo, waliliamini jina hilo. Cassius Dio, mwanahistoria aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 3, alimhesabia Agrippa hekalu hili. Papo hapo alitoa rai kwamba huenda limeitwa Pantheon kwa kuwa paa lake la mviringo linafanana na mbingu. Kwa maneno mengine, alilitazama kuba la zama za Hadrian, akamsifu Agrippa.

Ushahidi uliopinga usomaji huo ulipatikana mahali ambapo msomaji hakukusudiwa kutazama. Baadhi ya viwanda vya matofali vya Warumi vilipiga mihuri kwenye bidhaa zao. Mihuri hiyo hutaja wenye mashamba ya udongo na, mara nyingine, makonsuli wa mwaka. Katika miaka ya 1890, msanifu majengo Mfaransa, Georges Chedanne, aliyachunguza matofali yaliyomo ndani ya kuta akabaini kwamba ni ya karne ya 2. Tangu hapo sifa zote akapewa Hadrian. Hata hitimisho hilo halikusalimika: mwaka 2007, Lise Hetland alidai kwamba sehemu kubwa ya mihuri hiyo ni ya siku za Trajan, na kwamba ujenzi ulianza muda mfupi baada ya moto wa mwaka 110.

Je, Hadrian alidanganya? La hasha. Wasifu wake uliomo katika mkusanyiko wa Historia Augusta unaeleza kwamba aliyakarabati majengo kadhaa ya Roma, Pantheon likiwemo, akayaweka wakfu kwa majina ya waasisi wake. Isitoshe, Augustus mwenyewe alikuwa amejisifu, katika maandishi ya kueleza matendo yake, kwamba aliukarabati ukumbi wa maonyesho wa Pompeius bila ya kuandika jina lake. Basi kwa kulinyamazia jina lake, Hadrian alikuwa akizungumza. Alijifungamanisha na Augustus, na unyenyekevu ukawa nyenzo ya utawala.

Maana ya ukimya huo hudhihirika zaidi tunaposoma maandishi ya pili, yenye herufi ndogo, yaliyochongwa chini ya yale ya kwanza mwaka 202. Humo Septimius Severus na mwanawe Caracalla wanatangaza kwamba wamelikarabati hekalu lililochakazwa na umri. Aliyelikamilisha jengo zima hakujitaja. Waliorekebisha wamejitaja kwa vyeo vyao vyote.

Kuna na wengine ambao hawakutajwa na upande wowote. Nguzo 16 za baraza zilichongwa katika graniti ya Misri, nyingine ya kijivu kutoka Mons Claudianus, nyingine ya waridi kutoka Aswan. Waliozikata, waliozisafirisha hadi Mto Nile na kuzivusha bahari, hawana hata muhuri. Vivyo hivyo mafundi waliochanganya zege kwa mawe mazito upande wa chini na mepesi kadiri kuba lilivyopanda, hata likaweza kusimama hadi leo bila ya nondo.

Tunahitimisha kwamba swali la nani aliyetunga halijibiwi kwa kusoma jina, wala halijibiwi kwa kulipuuza. Jina lililo ukutani hutueleza nani alitakiwa akumbukwe, na kwa faida ya nani. Tofali hutueleza kazi ilifanyika lini. Mhakiki anayesoma kimoja tu kati ya hivyo viwili atarudia kosa la Cassius Dio, ambaye alilitazama kuba kwa macho yake mwenyewe na bado akaamini maandishi.