Nanga iliyopunguza kasi ya intaneti
HADI mwaka wa 2009, Kenya ilitegemea setilaiti kuwasiliana na ulimwengu kwa intaneti. Juni mwaka huo, mkongo wa TEAMS kutoka Fujairah ulifika Mombasa.

Februari 2012, meli iliyotia nanga mahali palipokatazwa karibu na bandari ya Mombasa iliukata mkongo huo, siku chache baada ya mingine kukatika katika Bahari ya Shamu. Mei 2024, mikongo ya EASSy na Seacom ilikatika pamoja upande wa Afrika Kusini.

Kwa kawaida ajali kama hizo haziizimi kabisa intaneti ya nyumbani. Huifanya ijikokote, kwa kuwa data husongamana katika mikongo iliyosalia. Kumlaumu fundi wa mtaani ni kumwonea. Sharti meli maalumu ivue ncha mbili kutoka sakafu ya bahari na kuziunga upya.