Kupandishia udongo viazi vya kizungu katika parsele za Bunia

Katika kitabu cha desturi mutu anaweza kuuliza: viazi vya kizungu vinatafuta nini humu? Jina lenyewe linasema ni vya wageni. Ni kweli, lakini tusiharakishe. Muhogo, mahindi, maharagi, hata viazi vitamu, vyote asili yao ni Amerika, na hakuna mama wa Bunia anayeviita vya kizungu. Vilitangulia kufika, basi tumesahau ugeni wao.

Viazi vya kizungu vilienea huku wakati wa Wabelgiji. INEAC, shirika la utafiti wa kilimo lililoundwa 1933, lilikuwa na kituo kule Nioka, milimani kaskazini ya Bunia, ambako mazao ya nchi za baridi yalijaribiwa. Moniteri wa kilimo alifundisha mistari iliyonyooka na kupandishia udongo kwenye shina. Lakini jembe la mama lilikuwa limekwisha kuzoea kukusanya udongo, kwa ajili ya viazi vitamu. Tofauti ni moja tu. Kiazi kitamu unakitengenezea kilima kwanza, halafu unapanda. Cha kizungu unapanda kwanza, kilima kinafuata.

Na kinafuata kwa saa yake. Shina likifika shubiri moja hivi, unavuta udongo laini toka pande zote mbili, unaacha majani ya juu yabaki inje. Kiisha wiki mbili ao tatu, mbele ya maua kutoka, unarudilia. Sababu ni kwamba viazi vipya havizaliwi chini ya mbegu. Vinatoka kwenye vijitawi vya shina, juu ya mbegu. Shina lisilofunikwa halina pa kuzalia. Tena kiazi kinachochungulia jua kinageuka kijani na kichungu, na sumu yake haitoki hata ukikipika. Udongo mwingi unazuia pia ule ugonjwa unaochoma majani usishuke na mvua mpaka kwenye viazi. Ndio ugonjwa ulioleta njaa kubwa Ireland toka 1845.

Hapa mjini, kwenye mita karibu 1,250, joto ni kali kwa zao hili, si kama milimani Djugu. Kwa hiyo kilima kinafanya kazi ya pili: kinapoza udongo. Wenye akili wanatandika nyasi kavu juu yake.

Vita ya 1999 mpaka 2003, na fujo za Djugu toka mwisho wa 2017, zilisukuma watu wa milimani mpaka Bunia. Maharagi makavu unaweza kuficha mwaka mzima. Mbegu ya kiazi ni kiazi chenyewe: inaoza, na njaa ikiingia inaliwa. Mama aliyekimbia alifika na mikono mitupu, lakini kipimo cha shubiri alikuwa nacho. Akipata mistari mitatu nyuma ya jiko la mutu aliyemupokea, na mbegu ya kununua sokoni, anaanza. Shida ni watoto waliokulia kambini: wanajua kumenya kiazi, siku ya kukipandishia udongo hawajaiona.